Kaunta ya Stoo

Mume wangu alifanya kazi kwenye stoo ya vipuri vya magari mpaka akastaafu, na watu walimwita Bwana Stoo hadi jina alilopewa na mama yake likasahaulika. Mimi namwita Stoo, basi. Yeye ananiita Fundi, kwa sababu nashona. Sebule yetu ina cherehani yangu upande wa dirisha na meza yake ya kompyuta upande wa ukuta, na katikati, anasema binti yetu, ni mdomo wa Mama. Sibishi. Naongea na kitambaa, naongea na sindano, nabishana na redio. Stoo kwake neno moja ni hotuba.

Hebu nikwambie kwanza alivyokuwa akifanya kazi huko stoo, maana bila hilo hutanielewa. Fundi magari akifika kaunta na kueleza gari lake linaumwa nini, Stoo hakuuliza wala kujibu. Aliingia ndani kwenye rafu, akarudi na vipuri, akavipanga juu ya kaunta kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mpangilio wa kuvifunga kwenye gari. Cha kwanza kufungwa kilikaa kushoto kabisa, cha mwisho kulia. Fundi akiitazama kaunta alijua aanzie wapi na amalizie wapi. Mafundi walikuwa wakimtania kwamba kaunta yake inaongea kuliko yeye, na yeye alikuwa anatabasamu tu, basi, yamekwisha.

Mimi na kamera ni mapenzi ya ukubwani. Binti yetu alinunua mpya akaniachia yake ya zamani, nami nikaanza kupiga picha za vitu ambavyo vimekaa tu: kiti kilichosahauliwa nje ya duka, ndoo chini ya bomba linalovuja, kufuli, kamba ya nguo isiyo na nguo. Watu sipigi. Mtu akiona kamera anabana pumzi kama anayepimwa kiuno cha suruali, na ukweli wote unaondoka. Nikafungua blogu, nikaiita Vitu Vilivyokaa. Kila wiki naweka picha chache, na chini yake namwaga maneno mpaka nachoka mwenyewe. Picha ya kwanza kabisa ilikuwa vikombe vyetu viwili dirishani, kimoja kimekatika mkono. Wasomaji wangu wote wangeenea sebuleni kwetu, tukiitoa cherehani.

Stoo alipostaafu akafungua kompyuta akakuta picha zangu zimezagaa ovyo, nyingine zimeandikwa namba zisizoeleweka, nyingine ziko mara tatu. Alishika kichwa. Tangu siku ile nilipoteza mume nikapata mtunza ghala. Akatengeneza folda, akaziita rafu: Rafu ya Milango, Rafu ya Vyombo, Rafu ya Mbao, Rafu ya Jua na Vivuli. Picha iliyotoka na ukungu aliiita kipuri kibovu na kuipeleka rafu ya chini, lakini hakuifuta, maana Stoo hatupi kitu. Ukimwambia, "Stoo, nitafutie ile ya kijiko kilichopinda," kabla hujameza mate imeshafika.

Na folda moja aliiita Kaunta. Humo ndimo alimoniwekea picha za wiki, amezipanga mwenyewe kushoto kwenda kulia. Aliirekebisha ile folda isijipange yenyewe; picha unapoiacha ndipo inapokaa. Mimi nilifungua Kaunta, nikatazama mstari wake, maneno yakaja yenyewe. Ndiyo ilikuwa kazi yetu, na kusema kweli ndiyo ilikuwa starehe yetu.

Halafu asubuhi moja kiharusi kikamkuta anavaa viatu. Kilimchukua mkono wa kulia, kikamvuta mguu na shavu, kikakomba maneno yote. Aliyerudi nyumbani kutoka wodini alikuwa na sura ya Stoo na macho ya Stoo, lakini ukimwita anageuka taratibu, anakuangalia, basi. Hata lile neno lake moja la hotuba halikuwepo.

Hospitalini kuna dada mmoja, mtaalamu wa kuwarudisha watu kwenye kuzungumza, mpole mpaka unamwonea huruma. Alimwonyesha Stoo kalamu, Stoo akaiangalia kalamu. Akamwambia, "Baba, nionyeshe mlango uko wapi." Stoo akatazama dari. Ilikuwa hivyohivyo kila tulipokwenda, mpaka siku moja yule dada akanivuta pembeni.

"Mama," akaniambia, "kushindwa kusema ni jambo moja. Mimi sasa sina hakika kama anaelewa. Tusubiri mpaka mwisho wa mwezi. Tukikosa dalili yoyote, nafasi yake itabidi apewe mgonjwa mwingine."

Binti yetu anaishi mji mwingine na huja Jumamosi. Nilipompa habari hizo akasema anaifahamu nyumba moja karibu na kwake wanakotunza wagonjwa wa namna hiyo, kuna wauguzi, kuna bustani, na mimi ningepumzika. Halafu akaniangalia usoni.

"Mama, niambie kweli. Baba yumo?"

"Yumo!" nikamjia juu. "Unauliza swali gani hilo? Yumo!"

Lakini uongo. Sikuwa najua. Yumo au hayumo, swali hilo nililala nalo na kuamka nalo. Nilikuwa naogopa kukaa karibu naye, nakwambia ukweli, kwa sababu ukikaa karibu unangoja, na ukingoja unasikia jinsi palivyo kimya. Kwa hiyo nikashona. Nilichukua kazi ya sare za shule nzima, nikawa nakanyaga cherehani kutwa na huku namsemesha kwa kelele kutoka upande wa dirisha, maneno yakimmiminikia kama mvua ya mawe.

Ili asikae tu kama mzigo, nikawa namweka mbele ya kompyuta. Kipanya akakishika kwa mkono wa kushoto. Nikasema afadhali, mkono unapata mazoezi. Loo! Jioni ya kwanza nikafungua folda, nikakuta rafu zimeibiwa. Kandambili hazipo Rafu ya Viatu. Ngazi hazipo. Cherehani yangu haipo, kiti hakipo, hata vikombe vyetu viwili vya siku ya kwanza havipo. Nikatafuta mpaka nikavikuta vyote vimerundikwa kwenye Kaunta.

"Stoo, wewe ndiye wa kunivurugia rafu?" nikamwambia. "Wewe? Uliyenigombeza kwa macho mwaka mzima kwa picha moja ya sufuria?"

Akaniangalia. Nami nikazirudisha zote mahali pake, moja moja, huku nanung'unika. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Kila siku anavuruga, kila jioni napanga, na kila nilipopanga nilijiambia ndiyo hiyo basi, mtu aliyejua mahali pa kila kitu sasa hajui hata mahali pa kijiko. Kuna jioni nililia huku nabofya. Nilimwona yupo kando yangu anapiga kiti kwa mkono wake mzima, pa, pa, pa, nikadhani ni ugonjwa.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi binti yetu akaja na begi tupu, la kuwekea nguo za baba yake. Hakunionyesha, alilisukuma chini ya kochi, lakini mama gani haoni begi? Akakaa kwenye kompyuta kando ya Stoo, anataka kunakili picha za blogu kwenye flashi, zisije zikapotea. Mimi nilikuwa natia vifungo.

"Mama," akasema, "hizi za Kaunta nani kazipanga?"

"Nani azipange? Baba yako huyo, anavuruga. Ziache, nitazirudisha."

"Mama, hazijavurugwa. Njoo."

"Nina sindano mdomoni, mwanangu."

"Mama, njoo uone!"

Nikaenda, nimenuna. Kwenye kioo palikuwa na picha tatu. Kushoto kandambili zake kwenye sakafu. Katikati ngazi za jengo letu. Kulia ile picha yangu ya jua limepiga ukuta wa uani. Zilikuwa zimenyooka kama mshono, nafasi kati yake sawasawa, na hakuna iliyopanda wala kushuka.

Kushoto kwenda kulia. Kitambaa kilinidondoka mkononi na sikukiokota.

Nikachuchumaa mbele ya mume wangu. Kwa mara ya kwanza tangu augue sikumwaga maneno, yaligoma yenyewe. Nikasema moja moja, taratibu, kama namhesabia mtoto.

"Viatu," nikasema. "Ngazi. Jua. Stoo, unataka kushuka chini ukaote jua?"

Jamani. Yule mtu alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyegonga mlango muda mrefu akasikia komeo linavutwa. Machozi yakamtoka jicho moja, lile la upande mzima.

Tulimvalisha kandambili, tukamshusha ngazi, binti huku mimi huku, na majirani wakajipanga kutupisha. Uani tukampatia kiti mbele ya ukuta uleule. Akainua uso juani, akatulia. Mimi na binti yangu tulisimama pale tumeshikana mikono kama wajinga. Nilimtazama mume wangu kama mtu aliyerudi kutoka mahali ambapo hakuna anayerudi.

Tulipompandisha juu binti akasema, "Mama, muulize kitu kingine. Taratibu hivyohivyo."

"Stoo. Una njaa?"

Akashika kipanya. Nisikilize vizuri hapa, maana mpaka leo nikieleza nywele zinanisimama. Hakusita. Akafungua Rafu ya Vyombo, akavuta sufuria, akaiweka Kaunta. Akafungua Rafu ya Milango, akavuta kufuli, akaliweka kulia kwa sufuria. Sufuria, kufuli. Hana njaa. Kufuli ndiyo hapana yake. Aliyetazama dari alipoulizwa mlango hospitalini, hapa aliingia rafu yenye mamia ya milango akatoka na kufuli moja alilolitaka, kwa mkono ambao hakuwahi hata kushikia kijiko.

Binti yangu akapiga magoti.

"Baba. Mimi nani?"

Safari hii alikaa. Tukaona mshale unazunguka kwenye kioo, unafungua rafu hii, unafunga, unafungua ile. Binti akaanza kuinamisha kichwa. Nikataka kusema kitu cha kumfariji, nikajizuia. Mshale ukashuka mpaka rafu ya chini kabisa, ya vipuri vibovu, ukapekua, ukavuta picha moja yenye ukungu ambayo mimi ningeapa niliifuta zamani: fremu ya mlango wa chumbani, na juu yake alama za penseli, moja juu ya nyingine. Ndipo tulipokuwa tukimpima urefu alipokuwa mdogo. Stoo alikuwa anamsimamisha pale bila neno, anamwekea rula kichwani, anachora.

Binti yangu alilia kilio ambacho sijakisikia tangu alipokuwa na urefu wa alama ya chini. Alimkumbatia baba yake shingoni. Halafu akainuka, akalivuta begi chini ya kochi, akalipeleka nje kwenye mlango wa ngazi kama mtu anayetoa takataka.

"Yumo," akasema. "Mama, yumo mzima mzima!"

Yule dada mpole tulimpelekea kompyuta mpaka hospitali. Alimwangalia Stoo akipanga Kaunta, akaweka mkono mdomoni. Akatuambia maneno yetu ya mbio yalikuwa yanampita, lakini vitu hivi alivishika na kuvipanga kwa mikono yake miaka yote, na njia ile kiharusi hakikuifunga. Nafasi yake hakupewa mtu. Akaniomba pia nipunguze kasi ya kuongea, na binti yangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nilibaki na maajabu yangu. Nilikuwa nikidhani nimepiga picha za takataka, viti na ndoo na vijiko, kwa ajili ya watu wachache wasio na kazi. Kumbe nilikuwa nampelekea mume wangu maneno, moja moja, naye alikuwa anayaweka rafuni, mpaka siku tuliyoyahitaji yakakutwa yamepangwa tayari. Nikifungua zile folda sasa natembea kwa adabu. Lakini kando ya maajabu kulikuwa na uchungu: mume wangu alikuwa ameongea kila siku, na kila jioni mimi nilikuwa nayarudisha maneno yake rafuni.

Na mstari mmoja niliukumbuka, kwa sababu ulikuwa unarudi karibu kila siku. Cherehani, kiti, vikombe viwili. Wiki hiyohiyo akauweka tena.

Nikausoma. Cherehani, kiti, chai. "Sawa, bwana mkubwa," nikasema, "nimalize kushona nikuletee chai kitini." Nikamalizia kola, nikamletea kikombe, nikarudi kwenye mashine yangu. Akakisukuma kwa kiganja. Chai ikamwagika, mpaka kwenye sare.

"Stoo! Hizo ni nguo za watu!"

Akaweka kufuli mwishoni. Hapana. Nikasema labda mlio wa cherehani unamkera, nikaisogeza mashine chumbani, nikashonea huko nimebanana na kabati. Kufuli. Nikamletea kiti kingine chenye mto. Kufuli. Akapiga meza kwa ngumi, akaanza kupekua rafu, moja baada ya nyingine, zote, mpaka ya vipuri vibovu, na alipofika mwisho akaanza tena mwanzo. Nilisimama mlangoni na tepu yangu shingoni, hasira imenipanda, sielewi anatafuta nini mtu huyu.

Akaacha kipanya. Akageuka, akaitazama kamera yangu iliyoning'inia kwenye msumari, akanionyesha kwa kidevu.

"Kamera? Wewe? Utaiangusha."

Akaendelea kuonyesha. Nikampa. Akaibana kifuani kwa mkono mmoja, akaiinua, ikayumba, nikapiga kelele, "Nimekwambia itaanguka, mbona husikii—" na ikalia, kachika.

Akaniangalia, akaangalia waya wa kompyuta. Nikauchomeka. Picha ikatokea: imelalia upande, dari nyingi, na pembeni mwanamke mwenye mdomo wazi, tepu shingoni, pini kifuani, nusu ya uso imekatwa. Mimi sipigi watu, na mtu hajawahi kunipiga mimi. Kwenye zile rafu zote hapakuwa na mimi hata moja.

Stoo akaishika ile picha ya cherehani, akairudisha rafuni kwake, polepole, kwa heshima zote. Pale ilipokuwa imekaa, kushoto kabisa, akaniweka mimi.

Mimi. Kiti. Vikombe viwili.

Sikuwa nimekaa na mume wangu tangu augue. Nilikuwa nimemlisha, nimemwogesha, nimemvalisha, nimemsemesha kutoka dirishani mpaka sauti ikakauka. Kukaa, sikukaa. Na yeye, tangu siku ya kwanza aliyoshika kipanya, hilo ndilo alilokuwa akiomba, akilitafutia neno, akikosa, akichukua cherehani yangu badala yangu.

Nikaifunika cherehani. Nikachemsha chai, nikaleta vikombe viwili, chenye mkono nikampa yeye, nikavuta kiti mpaka goti langu likagusa lake. Halafu maneno yakanijia yote kwa mkupuo, nisamehe Stoo, sikujua, nilikuwa nazirudisha, kila jioni nilikuwa nazirudisha mimi mwenyewe, na kilio juu yake.

Aliweka kikombe chini. Akashika kipanya, akavuta kufuli, akaliweka kulia kabisa, mwisho wa mstari.

Nikaufunga mdomo wangu, tukanywa chai yetu ikiwa bado ya moto.